Gogo Alizaliwa Lini? Kufuatilia Maisha ya Nyanya wa Ukoo Kupitia Karatasi za Familia

Mwanamke aliyezaliwa sehemu za Sugoi katika miaka ya 1920 aliweza kufikisha umri wa miaka hamsini, akawa ameolewa, amezaa, ameozesha mabinti na pengine amemzika mumewe, bila kuwa na karatasi hata moja ya serikali yenye jina lake. Kitambulisho alikipata akiwa mzee. Cheti cha kuzaliwa hakukipata kabisa. Hata hivyo watoto, wajukuu na vitukuu wake leo wanatakiwa kueleza mbele ya chifu, msajili au hakimu kwamba alikuwa nani, alizaliwa lini, aliolewa na nani, alizaa wangapi na alifariki mwaka gani.

Swali hilo huzuka familia inapotaka kurithi shamba ambalo hatimiliki yake ingali katika jina la babu. Huzuka pia nyanya aliye hai anapokosa malipo ya Inua Jamii, yanayotolewa kwa wazee waliotimiza miaka 70 kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa sababu kitambulisho chake kinamfanya kuwa mdogo kuliko alivyo. Na kuna familia ambazo hazina kesi wala madai yoyote, ila zinataka kumjua gogo aliyewazaa wote kabla ya wanaomkumbuka kuisha.

Habari za nyanya huyo kwa kawaida zipo, ila zimeandikwa katika karatasi za watu wengine: baba yake, kaka zake, mume wake na zaidi ya wote watoto wake.

Kwa nini jina lake halipatikani

Wakati wa ukoloni serikali iliwaandika Waafrika kwa sababu mbili kubwa, kodi na kazi, na kwa zote mbili ilimtafuta mwanamume. Kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilibebwa na wanaume wa Kiafrika waliopita miaka 16. Kilikuwa na jina, alama za vidole, kabila na majina ya waajiri. Mwanamke hakubeba kipande. Katika kodi ya nyumba, mume mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kwa hiyo mke alihesabiwa, lakini alihesabiwa kama nyumba.

Wakati huo eneo la Sugoi na Turbo lilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Familia nyingi za Kiafrika zilizoishi humo ziliishi kama maskwota. Chini ya sheria ya mwaka 1918, mkataba wa skwota ulimtaka mwanamume afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili familia yake iruhusiwe kuishi, kulima na kulisha mifugo kwenye shamba la mlowezi. Mke na watoto walifanya kazi pia, hasa wakati wa mavuno, lakini aliyetia dole gumba kwenye mkataba ni mume.

Baada ya kipande kuondolewa mwaka 1947, usajili mpya uliendelea kuwa wa wanaume. Sheria ya Usajili wa Watu ilirekebishwa mwaka 1978 ili kuwaingiza wanawake, na kadi za kizazi cha kwanza zikaanza kutolewa mwaka 1980. Hapo ndipo gogo wa miaka ya 1920 alipopanga foleni mbele ya karani, akaulizwa mwaka wa kuzaliwa, naye akajibu kwa namna aliyoijua: nilizaliwa wakati wa nzige, au kabla ya reli, au dada yangu aliyenitangulia alitahiriwa na akina fulani. Karani alihitaji tarakimu, akaandika tarakimu.

Usajili wa vizazi na vifo nao ulichelewa. Sheria yake ni ya mwaka 1928, lakini kwa Waafrika ilienezwa wilaya baada ya wilaya, na ni mwaka 1971 ndipo usajili ulipokuwa wa lazima nchi nzima. Mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga kabla ya hapo hakuandikishwa popote, isipokuwa familia yake iwe ya kanisani.

Mwaka wa kuzaliwa ulioko kwenye kitambulisho cha mwanamke wa rika hilo, basi, ni makadirio. Familia inayoanza utafiti wake kwa kuukubali mwaka huo bila kuuliza hujikuta, mara nyingi, na mama aliyezaa akiwa na miaka tisa.

Gogo wa Ndalat

Mfano unaojulikana kote duniani uko katika kaunti jirani ya Nandi. Priscilla Sitienei wa Ndalat, ambaye wengi walimwita Gogo, alikuwa mkunga wa kijiji kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2010 alijiunga na shule ya Leaders Vision Preparatory akasoma darasa moja na vitukuu vyake. Baadhi ya wanafunzi wenzake walikuwa watoto aliowapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Mwongozaji wa filamu Mfaransa Pascal Plisson alitengeneza filamu kuhusu maisha yake iitwayo Gogo.

Shirika la utangazaji la BBC lilipomtembelea mwanzoni mwa mwaka 2015 lilisema ana miaka 90. Alipofariki Novemba 2022, ilitangazwa kwamba alikuwa na miaka 99. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba tarehe hizo mbili hazikutani: aliyekuwa na miaka 90 Januari 2015 angekuwa na 97 au 98 mwisho wa 2022. Hapa hakuna aliyedanganya. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili kwa mtu wa kizazi chake ni jambo la kawaida, na mtafiti wa familia anafaa kuizoea. Kinachovutia zaidi ni kwamba mwanamke huyu, aliyeshuhudia vizazi vingi vya wengine, alianza kuandikwa kwa wingi baada ya kupita miaka 85, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya shule na ya wanahabari.

Mjini Eldoret kwenyewe Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo mwezi Januari 2004 akisema ana miaka 84, akaingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Yeye pia hakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Aliamini kwamba alizaliwa mwaka 1920.

Mwanamke mmoja, majina matano

Wengi hukwama kwenye majina kabla hawajafika kwenye tarehe. Mtoto wa kike wa Kikalenjin alipewa jina la wakati au hali aliyozaliwa nayo. Chebet ni wa mchana, Chelagat wa jioni, Chepkemoi wa usiku, Cherop wa mvua, Cherotich wa saa ng'ombe wanaporudi nyumbani. Majina haya hayasemi mwaka, na yanarudiwa katika kila boma. Zaidi ya hayo, jina moja liliandikwa kwa namna mbili: Chebet ni Jebet, Cherop ni Jerop, Chepkemoi ni Jepkemoi. Karani mmoja alisikia Ch, mwingine akasikia J. Anayepekua daftari la zamani kwenye herufi C pekee anaweza kumpita nyanya yake aliyeketi kwenye J.

Alipokua mtu mzima alipata jina jingine, mara nyingi la kuanza na Tap au Tab, kama Tapsubei au Taprandich, na hilo ndilo majirani walilomwitia. Akibatizwa aliongezewa jina la kikristo. Akiandikishwa kitambulisho aliwekewa jina la mume mwishoni. Kisha uzeeni kila mtu alimwita Gogo au Kogo, mpaka wajukuu wengine wakadhani hilo ndilo jina. Kwa hiyo mwanamke mmoja anaweza kuonekana kama Chelagat katika kumbukumbu za dada yake, Tapsubei kwa majirani, Maria katika daftari la parokia na jina la nne katika kadi ya taifa. Kazi ya kwanza ya familia ni kuyakusanya majina yote haya kwenye ukurasa mmoja kabla ya kuingia afisi yoyote.

Familia za Wakikuyu wanaoishi Uasin Gishu zina msaada mwingine katika majina. Kwa desturi yao, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba na wa pili jina la mama ya mama. Anayejua majina ya shangazi zake kwa mpangilio wa kuzaliwa anaweza kulipata jina la mama wa nyanya yake hata kama hakuna aliyemwona. Desturi hiyo hiyo ina mtego: wanawake wawili wa jina moja, nyanya na mjukuu, huunganishwa kwenye simulizi na kuwa mtu mmoja aliyeishi miaka 120.

Si huku tu mtego huo ulipo. Mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa ushahidi wa karatasi ni Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa Februari 1875 na kufariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122. Wataalamu walikuwa wameulinganisha umri wake na daftari za kuzaliwa, za ndoa na za sensa, lakini baadaye watafiti wa Urusi walidai kwamba aliyefariki 1997 alikuwa binti yake aliyechukua jina la mama katika miaka ya 1930. Wataalamu wengi wamelikataa dai hilo. Kama mwanamke mwenye karatasi zote hizo alitiliwa shaka, familia ya Sugoi isione haya kuuliza mara mbili inapoambiwa gogo alikufa na miaka 118.

Rika, reli na nzige

Pale cheti kinapokosekana, kipimo cha kuaminika zaidi ni rika. Miongoni mwa Wanandi kuna marika saba yanayozunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kila rika, ibinda, linakadiriwa kuchukua kama miaka 15, na mzunguko mzima unapita miaka mia. Makundi mengine ya Kalenjin yana rika la nane, Korongoro. Majirani Wabukusu wana marika yenye majina yanayokaribiana mno na hayo, kama Maina, Chuma, Sawa na Kolongolo, jambo ambalo wazee wa Turbo hulitania wanapokutana.

Swali la maana kwa mzee si "gogo alizaliwa mwaka gani?" bali ni "kaka yake aliyemfuata alikuwa rika gani, na mumewe rika gani?" Rika la mume peke yake halitoshi, kwa kuwa wanaume wengi walioa wanawake wadogo kwao kwa miaka kumi au zaidi, hasa mke wa pili na wa tatu. Rika la kaka aliyemtangulia na la kaka aliyemfuata humbana nyanya katikati. Wanawake wazee pia hukumbuka walioingia nao kwenye tohara ya wasichana, ambayo leo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2011, na kumbukumbu hiyo ya kundi moja ni ya thamani kwa tarehe.

Baada ya rika huja matukio. Kwa eneo hili yapo yenye mwaka unaojulikana. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905. Msafara wa Makaburu chini ya Jansen van Rensburg ulifika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908. Posta ya Shamba Namba 64 ilifunguliwa 1910, na ndiyo iliyokuja kuitwa Eldoret. Homa kali iliyoenea duniani iliua wengi mwaka 1918 na 1919. Wanandi walizuiwa kufanya sherehe yao kubwa ya kukabidhiana uongozi wa marika mwaka 1923. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Nzige walishambulia kati ya 1928 na 1931. Njaa ya wakati wa Vita vya Pili ilikuwa 1943.

Nyanya anayesema alikuwa "msichana wa kuchunga ndama" wakati wa nzige amesema, kwa lugha yake, kwamba alikuwa na miaka sita mpaka kumi karibu na 1930. Aliyesema alikuwa mgongoni mwa mama reli ilipofika amesema amezaliwa karibu na 1923. Maneno hayo yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa Kinandi, Kikeiyo au Kibukusu, na tafsiri iandikwe kando. Mwaka ambao mjukuu aliukokotoa unaweza kuwa na kosa. Maneno ya nyanya yakiwepo, mtu mwingine anaweza kukokotoa tena.

Daftari za kanisa

Karatasi bora kuliko zote kwa mwanamke wa wakati huo ni daftari la ubatizo. Parokia ya Katoliki huandika tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi, mahali, msimamizi, na mara nyingi baadaye pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Mwanamke aliyebatizwa akiwa mtu mzima kwa kawaida huwa na umri wa kukadiria, lakini watoto wake waliobatizwa wachanga wana tarehe halisi, na jina la mama limo humo.

Familia inayotafuta inapaswa kujua kwamba Jimbo Katoliki la Eldoret lilianzishwa kama eneo la kitume mwaka 1953 na kuwa jimbo kamili 1959. Aliyebatizwa kabla ya hapo alikuwa chini ya Kisumu, na daftari la misheni ya zamani huenda liko mbali na parokia anayosali mjukuu wake leo. Kwa waumini wa Africa Inland Church, misheni ya Kapsabet ndiyo mahali pa kuanzia kwa familia nyingi za upande wa Nandi. Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki lina makao yake Eldoret, na lilitokana na kazi ya walowezi wa Kiafrikana na wamishenari wao, hivyo familia zilizoishi kwenye mashamba ya Makaburu zisilisahau.

Makatibu wa parokia wana kazi nyingi. Anayekwenda na majina yote ya nyanya, jina la mtoto wake mkubwa na kadirio la miaka mitano mitano husaidiwa haraka. Anayekwenda na neno "Gogo" tu hurudi mikono mitupu.

Karatasi zilizo nyumbani

Kabla ya safari yoyote, sanduku la chuma lililo chini ya kitanda lifunguliwe. Ndani huwa na kadi za kliniki za watoto, risiti za ushuru, kadi ya chama, barua za shule, picha zilizoandikwa nyuma, na wakati mwingine kipande cha babu. Karatasi za mashamba ya walowezi na za kampuni zinafaa pia. Kampuni ya East African Tanning Extract, EATEC, ilimiliki mashamba makubwa ya miwati katika kaunti hii kabla ya kuuza ardhi yake, na familia nyingi zina kadi za kazi za baba au babu aliyefanya kazi huko. Kadi ya babu yenye mahali na miaka ya kazi inaeleza gogo alikuwa wapi alipomzaa mtoto fulani.

Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya wananchi. Daftari za wanahisa za vyama hivyo ni miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo mwanamke, hasa mjane aliyelipa kwa kuuza ng'ombe au mahindi, anaonekana kwa jina lake mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba daftari hizi hazitafutwi sana. Nyingi zimebaki katika nyumba za waliokuwa makatibu, na wenyewe wanazeeka.

Kuna familia ambazo hazina sanduku la kufungua. Vurugu za mwaka 1992 na zile za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliteketeza nyumba nyingi katika kaunti hii pamoja na kila kilichokuwa ndani. Kwa familia hizo kanisa, shule na jamaa waliohamia kwingine huwa ndio sanduku. Daftari la shule la mtoto wa mwisho, lenye jina la mzazi na tarehe ya kuandikishwa, limewahi kutosha kuwa mwanzo.

Hesabu ya kujaribu

Chukua familia ya kufikirika. Kitambulisho cha gogo kinasema alizaliwa 1930. Daftari la ubatizo linaonyesha mtoto wake mkubwa alibatizwa mwaka 1941 akiwa na miaka miwili, yaani alizaliwa 1939. Kwa kitambulisho hicho gogo alizaa akiwa na miaka tisa, jambo lisilowezekana. Kaka yake aliyemfuata alikumbukwa kuwa mtoto mchanga wakati wa nzige, basi alizaliwa kati ya 1928 na 1931, na gogo alizaliwa kabla yake. Kama aliolewa akiwa na miaka 16 au 17 na kuzaa mwaka uliofuata, alizaliwa karibu na 1921 au 1922. Ushahidi wa pande mbili unakubaliana, na mwaka 1930 wa karani unaanguka. Familia hiyo sasa inaweza kusema "karibu 1922" na kutaja sababu zake, jambo ambalo lina uzito kuliko kutaja siku na mwezi ambao hakuna anayeweza kuuthibitisha.

Pale sheria inapouliza

Katika mirathi, tarehe inaweza kubadilisha hukumu. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Babu aliyefariki baada ya siku hiyo bila wosia mali yake hugawanywa kwa sheria hiyo. Kama alikuwa na wake zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 kinasema mali igawanywe kwanza kati ya nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane aliye hai ahesabiwe kama kichwa cha ziada katika nyumba yake. Mabinti wanahesabiwa sawa na wana, walioolewa na wasioolewa. Aliyefariki kabla ya siku hiyo mali yake huangaliwa kwa sheria na mila zilizokuwepo wakati huo. Kwa hiyo mwaka wa kifo cha babu, idadi ya watoto wa nyumba ya gogo, na swali kama yeye alikuwa hai mume alipofariki ni mambo ya kupata au kukosa ekari.

Ukoo wa gogo, oret, nao huulizwa. Mwanamke wa Kikalenjin huzaliwa katika ukoo wa baba yake, kwa mfano Talai wa simba, Tungo wa fisi au Kipkenda wa nyuki, na kujua oret yake humfikisha mtafiti kwa kaka zake na kwa boma alikozaliwa. Familia nyingi zimeandika ukoo wa babu peke yake, na hapo nusu ya habari imepotea.

Kuna pia ndoa ya Kinandi ambapo mwanamke asiye na mwana alimwoa mwanamke mwingine ili apate warithi. Katika familia kama hiyo nyanya anaweza kuwa ameshika nafasi ya mume, na watoto huitwa kwa jina la nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyokaa Mombasa ilikubali ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi. Anayechora mti wa ukoo asiifute nyumba hiyo kwa kudhani ni kosa la mwandishi.

Afisi na hatua

Usajili wa vizazi, vifo na vitambulisho ni kazi ya serikali ya kitaifa, na huduma zake zinapatikana Huduma Centre Eldoret na kwa maombi ya eCitizen. Kifo kilichotokea nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu, ambaye hutoa taarifa inayopelekwa kwa msajili. Kilichotokea hospitalini huanzia hospitalini. Kifo ambacho hakikuandikishwa wakati wake kinaweza kuandikishwa kwa kuchelewa, na hapo ndipo barua ya chifu, ushahidi wa wazee na karatasi za kanisa zinapohitajika pamoja. Nyanya aliye hai ambaye mwaka wake wa kuzaliwa umekosewa anaweza kuomba marekebisho. Cheti cha kukadiria umri kutoka hospitali ya serikali hutumika pale pasipo na karatasi nyingine, ingawa kwa mtu wa miaka tisini daktari naye anakadiria, na daftari la ubatizo la mtoto wake mkubwa laweza kuwa na nguvu zaidi.

Kumbukumbu za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi, na zina vituo mikoani, vikiwemo Nakuru na Kakamega. Nyaraka za umma hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30, hivyo ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya za Uasin Gishu na Nandi za enzi ya ukoloni zinasomeka. Hazitaji wanawake kwa majina ila mara chache, lakini zinataja mwaka wa njaa, wa nzige na wa ugonjwa wa mifugo, na kwa hizo maneno ya nyanya yanapata tarehe. Sensa haitasaidia: Kenya imehesabu watu wake tangu 1948, lakini majina ya waliohesabiwa hayatolewi kwa umma.

Kwa wale walio na gogo hai, mazungumzo yafanywe asubuhi kabla hajachoka, simu ikirekodi juu ya meza, na awepo mtu mwingine wa rika lake au aliye karibu naye, kwa kuwa wawili husahihishana. Picha ya kila karatasi ipigwe mbele na nyuma. Jina la aliyesimulia, tarehe na mahali viandikwe chini ya kila maelezo, na nakala moja ikae kwa mtoto wa familia anayeishi mbali na Sugoi.